Nyimbo za Kuonana Tena: Tumaini la Mbinguni katika Nyimbo za Watumwa wa Marekani

Katika vitabu vyetu vya nyimbo hapana jambo liimbwalo kwa moyo kuliko habari za nchi ya ng'ambo, ambako waliotangulia watungoja. Mwimbishaji akianza wimbo wa namna hiyo penye maziko, hata wale wasiozoea kuimba huitikia. Walakini nyingi za nyimbo hizo hazikutungwa kwetu. Zililetwa, zikafasiriwa, zikazoeleka. Yafaa basi mwalimu na padre wajue zimetoka wapi, zilitungwa na watu wa hali gani, na kwa nini zasema habari za mama na ndugu kuliko habari za malaika.

Wako walimu wasemao kwamba nyimbo hizi ni ndoto tupu, za kuwapumbaza watu wasitazame taabu zao za leo. Wako na wengine wasemao kwamba zimemwondoa Kristo katika mbingu yake, zikaweka jamaa mahali pake. Mashtaka hayo mawili si madogo, na mwenye kuyaamua hana budi kujua kwanza nyimbo zilisema nini vinywani mwa waliozianza. Chimbuko la nyimbo hizi si moja, bali hapa nitaeleza moja tu, lile ninaloliona kuwa lenye nguvu kuliko mengine, yaani nyimbo za kiroho za watumwa weusi wa Marekani. Baadaye nitataja maneno ya Kiswahili yawezayo kuchukua maana yake, na yale yanayoipotosha.

I. Watu waliopotelewa

Tangu mwaka 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa wapya kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini biashara ya ndani haikukoma, bali ilizidi. Mashamba ya tumbaku ya Virginia na Maryland yalikuwa yamechakaa, na mashamba mapya ya pamba ya Alabama, Mississippi na Louisiana yalitaka watu. Kati ya 1790 na 1860 watumwa wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya kaskazini ya nchi za utumwa hata majimbo ya kusini. Wengine waliondoka pamoja na mabwana zao, na wengi waliuzwa, mume mbali na mke, mtoto mbali na mama. Mwaka 1860 watumwa wote wa nchi ile walikuwa karibu milioni nne, na ndoa zao sheria haikuzitambua. Bwana akipatwa na deni, au akifa na mali yake ikagawanywa, nyumba ya mtumwa ilivunjika kwa siku moja.

Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland na baadaye akawa mnenaji mashuhuri wa kupigania uhuru, aliandika habari za maisha yake mwaka 1845. Asema kwamba alitengwa na mama yake angali mchanga, na kwamba hakumwona kwa kumjua kuwa mama yake zaidi ya mara nne au tano, na kila mara ilikuwa usiku. Mama alikuwa akifanya kazi katika shamba lililo mbali maili 12. Hutembea kwa miguu baada ya kazi ya mchana, akalala na mtoto, na kabla ya mtoto kuamka huwa amekwisha kwenda, maana asiyekuwapo shambani jua likichomoza alipigwa. Alipokufa, mtoto alikuwa wa miaka kama saba, wala hakuruhusiwa kumwuguza wala kuhudhuria maziko yake.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuliko Kiingereza. Sisi twatenga kufiwa na kupotelewa. Aliyefiwa ana maiti, ana kaburi, ana siku ya kulia na siku ya kunyamaza. Pwani jamaa hukaa matanga siku kadhaa, kisha matanga huondolewa na watu hurudi kazini. Aliyepotelewa hana hata moja katika hayo. Hajui kama amlilie mtu wake au amngoje. Watumwa wa Marekani walifiwa kama watu wote, lakini zaidi ya hayo walipotelewa, na maombolezo ya aliyepotelewa hayana mwisho uliowekwa. Naona nyimbo zao nyingi za mbinguni zilishika mahali pa matanga ambayo hawakuweza kuyakaa. Mtu aliyeuzwa kwenda Mississippi, barua hapana, wala ruhusa ya kusafiri hapana. Kwa jamaa zake alikuwa kama mfu, isipokuwa hakuzikwa. Mahali palipobaki pa kuonana naye palikuwa pamoja tu, napo ni mbele za Mungu, ambako hapana dalali.

II. Jinsi zilivyojengwa

Nyimbo hizi hazikuandikwa na watungaji wenye majina. Zilizaliwa katika mikutano ya sala, mara nyingi usiku, mwituni au katika vibanda, na katika kazi ya kupiga makasia na kupura nafaka. Mkusanyo wa kwanza mkubwa ulichapwa mwaka 1867, ukiitwa Slave Songs of the United States, kazi ya William Francis Allen, Charles Pickard Ware na Lucy McKim Garrison, wenye nyimbo 136. Mwaka uo huo Thomas Wentworth Higginson, aliyekuwa kanali wa kikosi cha askari weusi wakati wa vita, alichapa makala juu ya nyimbo alizozisikia askari wake wakiimba penye moto wa kambi.

Msomaji akizitazama ataona jengo analolijua. Mmoja huanzisha mstari, wote huitikia. Kiitikio hakibadiliki, mstari wa mwanzishaji ndio ubadilikao, na mara nyingi neno moja tu hubadilika. Katika ubeti wa kwanza hutajwa mama, katika wa pili baba, kisha dada, kaka, mhubiri, rafiki. Mtu asiyezijua aweza kudhani ni umaskini wa maneno. Sivyo. Wimbo umeachiwa nafasi makusudi, na kila mwenye huzuni aweza kumtia mtu wake ndani yake. Aliyepotelewa na dada humwinua dada, na mkutano mzima humwitikia, hata wasiomjua dada huyo. Basi huzuni ya mtu mmoja huchukuliwa na watu wote kwa muda wa ubeti mmoja, kisha mwingine naye hupata zamu yake. Hivyo ndivyo afanyavyo mwanzishaji hodari kwetu penye mkesha wa msiba, naye hakufundishwa na mtu wa Marekani. Ni namna ya kuimba iliyo ya kale katika Afrika, na wale waliochukuliwa kutoka pande za magharibi walivuka nayo bahari.

W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mweusi, katika kitabu chake The Souls of Black Folk cha mwaka 1903, aliweka sura nzima juu ya nyimbo hizi, akazipa jina la nyimbo za huzuni. Aliona humo jambo la kufikiriwa sana, kwamba mama na mtoto huimbwa, lakini baba huimbwa mara chache. Sababu yaonekana katika sheria na katika desturi. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama, awe mtumwa au mwungwana, wala haikutazama baba ni nani. Baba wengi walikuwa wa bwana mwingine, katika shamba jingine, wakaja kuwatazama wake zao kwa ruhusa siku ya Jumamosi. Mtoto alimjua mama kwa mikono yake na baba kwa habari zake. Basi katika nyimbo mama ndiye asimamaye mlangoni pa mbinguni akingoja.

III. Mbingu ya watu waliochoka

Mambo yaliyomo katika mbingu hii yote yametoka katika Biblia, lakini kuchaguliwa kwake kumetoka katika maisha. Nataja machache.

Wa kwanza ni mto. Ni Yordani wa Yoshua, ambao taifa lilivuka kwa miguu mikavu. Lakini kwa mtumwa wa Kentucky palikuwa na mto mwingine uonekanao kwa macho, yaani mto Ohio, ambao ng'ambo yake hapakuwa na utumwa. Douglass katika kitabu chake cha pili, cha mwaka 1855, aeleza wazi kwamba yeye na wenzake walipoimba habari za Kanaani walikuwa na nchi za kaskazini moyoni. Mabwana nao waliambua. Higginson asimulia kwamba vita vilipoanza, watu weusi wa Georgetown, South Carolina, walitiwa gerezani kwa kuimba wimbo wa kiroho uliosema kwamba karibu watakuwa huru.

Basi je, nyimbo zilikuwa za mbinguni au za kutoroka? Hapana lazima ya kuchagua. Mtu mmoja huimba ubeti mmoja akimkumbuka mama aliyekufa, na jirani yake huimba uo huo akiwaza njia ya usiku. Na wengine walikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Hili ndilo jibu la shtaka la kwanza, kwamba nyimbo za mbinguni hupumbaza. Kama zingalipumbaza, mabwana wasingaliziogopa. Mtu aaminiye kwamba yuko mahali ambapo mtoto wake hawezi kuuzwa ana kipimo cha kuhukumia mahali ambapo mtoto huuzwa.

Kisha liko gari. Ni gari la Eliya, lililomchukua pasipo kufa. Kwa mtu aliyekatazwa kusafiri pasipo hati ya bwana wake, gari lijalo kumchukua yeye mwenyewe, tena kumpeleka kwao, ni neno kubwa. Njia za reli zilipoenea, treni nayo iliingia katika nyimbo kama gari la mbinguni.

Kisha viko viatu, joho na kuketi. Watoto wa watumwa wengi hawakuvaa viatu mwaka mzima, na hata kwa watu wazima jozi moja ya viatu vibovu ilikuwa posho ya mwaka. Mavazi ya Ufunuo ni meupe. Watumwa wakaongeza na viatu. Na katika nyimbo kadhaa furaha kuu ya mbinguni ni kuketi tu. Mwenye kufanya kazi tangu alfajiri hata usiku chini ya msimamizi mwenye kiboko hahitaji kuelezwa maana yake.

Na bahari. Katika Ufunuo 21 yasemwa kwamba bahari haitakuwapo tena. Wafasiri wengi hutafuta mafumbo hapo. Lakini mwandishi wa kitabu kile alikuwa amefungwa katika kisiwa cha Patmo, mbali na watu wake, na wajukuu wa wale waliovushwa bahari katika matumbo ya merikebu waweza kulisoma neno lile bila msaada wa mfasiri.

IV. Walipotafutana

Kama tumaini la kuonana lingalikuwa la nyimbo tu, uhuru ulipokuja wangalikaa na kuimba. Lakini sivyo walivyofanya. Mwezi wa Desemba 1865 utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Marekani yote, na watu walianza kutafutana. Wengine walikwenda kwa miguu mamia ya maili mpaka shamba waliloachana nalo. Wengine walitia matangazo katika magazeti. Huko New Orleans gazeti la Kimethodisti, Southwestern Christian Advocate, lilianza mwaka 1877 safu ya barua za waliopotelewa. Wanunuzi wa gazeti hawakutozwa kitu. Wengine walitoa senti 50. Nao wachungaji waliombwa kuzisoma barua zile mimbarani, na kuleta habari kila walipokutanishwa watu kwa njia hiyo. Barua hutaja jina la mama, jina la bwana wa kwanza, jina la aliyenunua, na mwaka wa mwisho wa kuonana. Nyingine ziliandikwa zaidi ya miaka 30 baada ya kutengana. Waliopatana walikuwa wachache. Walio wengi hawakuonana tena duniani.

Jambo hili natamani kila mwalimu alikumbuke. Katika kanisa moja, Jumapili moja, mchungaji husoma mimbarani jina la mama atafutwaye, na baada ya hayo mkutano huimba juu ya mama angojaye ng'ambo ya mto. Tumaini la mbinguni halikuwazuia kununua stempu ya barua.

V. Zilivyotoka nje

Kwa muda zilibaki siri ya wenyewe. Chuo cha Fisk, kilichofunguliwa Nashville mwaka 1866 kwa ajili ya watu weusi waliowekwa huru, kilielemewa na deni. Mwaka 1871 mweka hazina wake, George L. White, alichukua wanafunzi tisa kwenda kuimba na kukusanya fedha. Mwanzoni waliimba nyimbo za kizungu za kawaida. Ella Sheppard, aliyepiga kinanda, alieleza baadaye kwamba nyimbo za utumwa hawakuziimba mbele za watu, kwa kuwa zilihusu wakati wa giza na zilikuwa takatifu kwa wazee wao. Walipozitoa, watu walilia. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria huko Uingereza, na kwa fedha walizopata likajengwa jumba kubwa la chuo, Jubilee Hall, lililowekwa wakfu mwaka 1876. Sheppard mwenyewe alitengwa na mama yake utotoni, mama akachukuliwa Mississippi. Baada ya vita walionana tena, wakakaa pamoja Nashville. Basi aliyekuwa akipiga kinanda alijua alichokipiga.

Mwaka 1890 Orpheus McAdoo alifika Afrika Kusini na kundi lake la waimbaji weusi wa Marekani, na kuimba kwao kuliwaathiri sana Waafrika wa huko. Wakati uo huo nyimbo nyingine za kuonana zilikuwa zikienea kwa njia ya wazungu. Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 viliua watu zaidi ya 600,000, wengi wakizikwa mbali na kwao, na katika miaka ile watungaji kama Robert Lowry, mchungaji wa Kibaptisti wa Brooklyn, waliandika juu ya mto na ng'ambo yake. Ira Sankey alizichukua nyimbo za namna hiyo Uingereza tangu 1873, na kutoka huko wamisionari walizileta Afrika Mashariki, zikaingia katika vitabu vyetu. Kwa hiyo twaimba mchanganyiko wa huzuni mbili, ya waliozika na ya waliouziwa watu wao.

Huzuni ya pili si ngeni kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa mahali pake. Mwaka 1875 ulianzishwa mji wa Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini. Na huko Unguja, Mbweni na Kiungani, watoto walikuzwa na misioni. Wengi wao hawakuweza kutaja njia ya kwao. James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, amehifadhi habari za watu hao kwa Kiswahili. Msomaji akikisoma kando ya barua za New Orleans ataona kwamba ni kilio kimoja katika pwani mbili.

VI. Maneno yetu

Nafasi hainitoshi kueleza yote, lakini mfasiri na mwimbishaji waangalie haya.

Kwetu. Nyimbo hizi hutaja nyumba na makao mara nyingi, na wafasiri huandika nyumbani. Si kosa, walakini nyumbani ni mahali penye nyumba, nayo nyumba yaweza kuwa ya kupanga. Kwetu ni mahali penye watu wangu. Mtumwa alikuwa na nyumba shambani. Hakuwa na kwao. Panapowezekana, kwetu ndilo neno.

Kuonana na kukutana. Watu hukutana njiani kwa bahati, na mithali yasema milima haikutani, binadamu hukutana. Kuonana ni zaidi, ni uso kwa uso. Tena Kiswahili kina maagano mawili: kwaheri ya kuonana, na buriani. Buriani ni ya mtu asiyetarajia kurudi, naye huomba radhi. Nyimbo za watumwa ni za watu walionyimwa hata nafasi ya kupeana buriani, nao wakakataa kuachana ila kwa kwaheri ya kuonana. Mwalimu akieleza hivyo, watoto wa shule huelewa mara moja.

Mto. Neno hili ni mto wa maji, na ni mto wa kulalia. Ubeti usemao juu ya kupumzika mtoni waweza kuleta kicheko mahali pasipofaa. Mfasiri aongeze Yordani, au maji, au kuvuka, ili maana isimame.

Ng'ambo. Neno zuri mno, maana ng'ambo huonekana. Si mbali kama mbingu za juu. Unguja, mtaa wa Ng'ambo uliitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa upande wa pili wa hori, nao ulikaliwa na watu wengi wasio na mali, wakiwamo waliotoka utumwani. Tena watu wa ng'ambo huweza kuitwa.

Gari la moto. Ndivyo Biblia isemavyo katika habari za Eliya. Lakini watu wa kale waliliita hivyo treni pia. Hapa kosa la mwanafunzi ni sawa na wimbo wenyewe wa Marekani, basi asichekwe.

Peponi, mbinguni, kuzimu. Mbingu ni wingi wa uwingu, yaani anga. Peponi ni neno ambalo Waislamu walitumia kwanza, nayo Biblia ya Kiswahili imelitia katika ahadi ya Bwana kwa mnyang'anyi msalabani. Kuzimu ni chini, walipo wafu. Mababu wengi wa bara waliwaza wafu wakiwa chini au karibu na nyumba, si juu. Mwimbaji asemapo mama yuko juu, huenda moyo wake wamtafuta mahali pengine, na mwalimu mwema humwuliza badala ya kumkemea.

Ndoto na njozi. Kwa watu wengi wa kwetu mfu aonekanaye usingizini amekuja na neno, wala si mchezo wa akili. Ndoto hutokea tu. Njozi ina ujumbe. Anenaye kwa dharau kwamba wimbo fulani ni ndoto, na ajue kwamba wasikilizaji wake hawalisikii neno hilo kama alivyolisema.

Mwisho, sauti. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za kizungu humalizia mstari kwa noti yenye mkazo. Hivyo neno hugeuzwa sura likiimbwa. Jengo la mwanzishaji na waitikiaji huondoa shida hii, kwa maana mwanzishaji hufuata neno, wala si neno kumfuata yeye.

Tena nawaomba wasomaji wasome pamoja na nyimbo hizi Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliochapwa na William Hichens mwaka 1939. Mtungaji auonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyobomoka, akauliza wako wapi wenyewe, wala hapana aitikaye. Huko wafu wakiulizwa hunyamaza, ili aliye hai azinduke. Katika nyimbo za watumwa wafu ndio waitao. Huyu alisema na wakuu walioipenda mno dunia. Wale walisema na watu ambao dunia haikuwapa kitu cha kupenda isipokuwa wao kwa wao, na hao nao ikawanyang'anya. Mafundisho yote mawili yana wasikilizaji wake, na mchungaji apime ni yupi aliye mbele yake.

VII. Maswali mawili ya mchungaji

La kwanza ni lile shtaka la pili, kwamba jamaa wamewekwa mahali pa Kristo. Lina ukweli wa kutosha kutuonya. John Mbiti, padre na mwanazuoni wa Kikamba, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na fikira za Kiafrika, alionyesha jinsi alama kama mji, nchi, chakula na machozi zilivyoshikwa na Wakamba Wakristo kwa maana ya kimwili, hata mbingu ikawa mahali pa vitu. Lakini dawa si kuwafukuza jamaa. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike alikuwa akiwajibu watu walioulizia wafu wao. Hakuwaambia wasiulize. Aliwataja wafu kwanza, kisha sisi pamoja nao, kisha sote pamoja na Bwana. Daudi naye alipofiwa na mtoto alijifariji kwamba yeye atakwenda kwake. Kweli Bwana alisema kwamba katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi. Hakusema kwamba hawajuani. Basi wimbo wa jamaa na uimbwe, ila usiwe wa mwisho. Baada yake uimbwe ule umtajao yeye aliyewakusanya.

La pili ni gumu zaidi. Mzee mmoja aimba kwamba atamwona baba yake, na baba huyo alikufa kabla Injili haijafika kijijini. Watumwa wa Marekani nao walikuwa na babu waliokufa Afrika. Wimbo haukuwatenga, wala haukutoa fundisho juu yao. Uliacha nafasi katika ubeti, na kila mtu akatia jina. Sidhani mchungaji anaagizwa kuijaza nafasi hiyo kwa ahadi ambayo hakupewa, wala kuifunga kwa hukumu ambayo si yake. Akiulizwa, aseme lile alilo na hakika nalo, kwamba Hakimu wa dunia yote ni mwenye haki, na kwamba ni mwenye rehema kuliko mwulizaji na mwulizwa.

Penye maziko, basi, mwalimu asiharakishe wimbo ili watu wapate kwenda. Amwache mwanzishaji arudie, ubeti baada ya ubeti, mpaka kila aliye na mtu wa kumtaja awe amekwisha kumtaja. Na siku ya pili awaulize wafiwa kama wako jamaa walio hai, waliopotea mjini au migodini, ambao hawajapewa habari ya msiba. Na kama wako, aketi nao na kuwaandikia barua.